Picha Moja Haitoshi: Kuusoma Moyo Masisi na Walikale

Mtu mwenye miguu iliyovimba akifika kituo cha afya huko Masisi au Walikale, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, muuguzi ana sababu nyingi za kuwaza kabla ya kuufikia moyo. Kama ni mtoto, kuna kwashakoo, ambayo wengi Kivu huiita bwaki, na si ajabu kwa watu walioyakimbia mashamba yao tena na tena. Kuna figo. Kuna damu iliyopungua sana kwa malaria au selimundu. Kama ni mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, ataambiwa ni mambo ya uzazi, apumzike. Na mara nyingi nyumbani wameshaamua kwamba amelishwa sumu, na siku nyingi zimekwishapotea kwa dawa za majani. Moyo hufikiriwa mwisho, wakati mgonjwa hawezi tena kulala chali.

Hospitali tajiri za dunia zimetumia miaka zaidi ya 20 kutafuta namna ya kuunganisha picha za moyo: PET (skani ya nyuklia) na CT ndani ya mashine moja, MRI ikisomwa sambamba na ultrasaundi, kompyuta ikilaza picha moja juu ya nyingine hadi mshipa ulioziba uonekane pamoja na msuli unaokosa damu. Ni rahisi kudhani kwamba mjadala huo hauihusu Masisi. Mimi naona unaihusu kuliko London. Penye daktari bingwa, maabara ya saa 24 na mashine tano, picha iliyosomwa vibaya leo itasahihishwa na nyingine kesho. Walikale, picha iliyosomwa vibaya ndiyo hukumu yenyewe, kwa sababu hakuna ya pili. Kwa hiyo kuunganisha vipimo vya moyo ni hitaji la hospitali ndogo kabla ya kuwa fahari ya hospitali kubwa. Tofauti ni kwamba vipimo vya kuunganishwa huku ni vile vya bei nafuu, na wa kuviunganisha ni binadamu aliyefundishwa.

Tuitazame ardhi kwanza. Masisi ni vilima vya malisho na mashamba, na mji wake mkuu uko kilomita 80 hivi kutoka Goma, kwa barabara ambayo mvua huigeuza tope. Walikale iko magharibi zaidi, nchi ya msitu, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 23,000; ni wilaya moja inayokaribia Rwanda nzima kwa eneo. Mfumo wa afya wa Kongo umeigawa Masisi katika kanda za afya za Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi, na Walikale katika kanda za Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Kila kanda hutegemea hospitali kuu ya rufaa pamoja na vituo vilivyotawanyika, ambavyo vingine hufikiwa kwa pikipiki, vingine kwa miguu tu, mgonjwa akibebwa kwenye kipoyi mabegani mwa ndugu zake. Hospitali ya Masisi imekuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, tangu 2007. Umeme wa gridi haujafika sehemu kubwa ya maeneo haya. Taa na mashine huendeshwa kwa jua na jenereta.

Sasa vipimo. Eksirei, ambayo Wakongo huiita radio, huonyesha kivuli. Moyo wa mtu mzima ukichukua zaidi ya nusu ya upana wa kifua katika picha iliyopigwa vizuri, tunasema umepanuka. Hapo ndipo elimu ya kivuli inapokoma. Fikiria wagonjwa wawili ambao picha zao zinafanana kabisa, kila mmoja ana kivuli kikubwa cha mviringo katikati ya kifua. Wa kwanza ana kifua kikuu kilichoingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na mfuko umejaa maji hadi moyo unakabwa. Wa pili ni mama ambaye misuli ya moyo wake imelegea miezi miwili baada ya kujifungua. Wa kwanza ukimpa dawa kali ya kukojoza maji, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka. Anachohitaji ni sindano ya kutoa maji hayo, kisha dawa za kifua kikuu. Wa pili anaihitaji sana dawa ya kukojoza, na ukimchoma sindano ya wa kwanza utatoboa moyo wenyewe.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinasogeza jambo mbele kidogo. Mawimbi yakiwa mafupi katika waya zote, na hasa yakipanda na kushuka kwa zamu, unaanza kushuku maji. Lakini mawimbi huwa mafupi kwa sababu nyingine pia. Ultrasaundi ndiyo inayomaliza ubishi, na haichukui hata dakika mbili: kipimio kikiwekwa chini ya mfupa wa kidari, maji huonekana kama ukanda mweusi kuuzunguka moyo unaorukaruka ndani yake, na moyo uliolegea huonekana kama chumba kikubwa ambacho kuta zake hazisogei vya kutosha. Hata hapo ultrasaundi peke yake haitaji chanzo cha maji. Eksirei inarudi kazini kuonyesha mapafu: je, kuna tundu, kuna tezi, kuna alama za kifua kikuu? Makohozi yanakwenda maabara. Kila kipimo kimejibu swali lake na kukiachia kingine swali lililobaki. Huo ndio muungano ninaoutetea.

Ultrasaundi ya moyo ilianza kwa kuazima. Mwaka 1953 katika mji wa Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walichukua kifaa cha viwandani cha kukagulia nyufa ndani ya vyuma, wakakielekeza kwenye kifua cha mtu, wakaona mwangwi ukisogea pamoja na mapigo. Tangu siku hizo chombo kimepungua kutoka kabati hadi kitu kinachoshikika kiganjani na kuchomekwa kwenye simu. Kwa hospitali inayogawana saa za umeme kati ya chumba cha upasuaji na jokofu la damu, kipimio kinachoendeshwa na betri kina maana kubwa kuliko ubora wowote wa picha.

Ugonjwa unaonisumbua kuliko yote katika habari hii ni wa vali, ule unaoletwa na homa ya rumatiki. Huanza utotoni na koo linalouma kwa sababu ya bakteria, katika nyumba zenye msongamano. Na Masisi, ambako familia zimeishi miaka na miaka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, msongamano upo tele. Koo hupona. Miaka inapita. Kinga ya mwili iliyopigana na bakteria imegeukia vali za moyo na kuzifanya nene, polepole, bila maumivu. Kisha msichana anafikisha miaka 20 na kitu, anashika mimba, damu ya mwili wake inaongezeka kwa karibu nusu, na vali iliyokuwa ikivumilia haivumilii tena.

Mtazame mgonjwa wa aina hiyo anapofika. Anakohoa, pengine damu kidogo. Anapumua kwa shida usiku. Amekonda. Atakayemwona kwanza atawaza kifua kikuu, na ana haki ya kuwaza hivyo. Anapigwa eksirei: mapafu yana ukungu. Asiyezoea kuusoma moyo ataona nimonia au kifua kikuu, mgonjwa ataanzishwa dawa za miezi sita, na atarudi akiwa mahututi. Lakini picha ileile, mbele ya jicho lililofundishwa, ina mambo mengine: ukingo wa kushoto wa moyo umenyooka mahali ambapo ungepaswa kuingia ndani; chumba cha juu cha kushoto kimevimba hadi kivuli chake kinaonekana nyuma ya kile cha kulia; na pembeni mwa mapafu kuna mistari mifupi ya mlalo, alama ya maji yaliyorudi nyuma kutoka moyoni. ECG nayo inaonyesha wimbi la kwanza limekuwa pana na lenye vilele viwili, au mapigo yamekuwa ovyo kabisa bila mpangilio. Hatimaye ultrasaundi: jani la mbele la vali ya mitrali linafunguka likiwa limepinda katikati kama goti, kwa sababu ncha yake imegandana na ya jani jenzake. Tundu la vali nzima ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Likishuka hadi 1.5 au chini yake, ugonjwa ni mkali.

Kuna jambo moja katika mfano huu lenye manufaa hasa kwa madaktari wa maeneo ya mbali. Kipimio kilekile kilichoutazama moyo kinaweza kusogezwa sentimita chache na kuyatazama mapafu. Pafu lenye hewa nzuri huonyesha mistari iliyotulia ya mlalo; pafu lenye maji hushusha miali myeupe kutoka juu hadi chini ya kioo. Kisha kipimio kinashushwa hadi kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu moyoni kutoka tumboni: ukiwa mnene na hauminyiki mgonjwa anapovuta pumzi, damu imejaa nyuma ya moyo. Moyo, mapafu, mshipa. Ni picha tatu kwa kifaa kimoja na jeli kidogo, kando ya kitanda, bila kumsogeza mgonjwa asiyeweza kulala. Nikiulizwa ni muungano upi wa picha ulioleta mabadiliko makubwa zaidi kwa hospitali ndogo za Afrika, nitautaja huu kabla ya mashine yoyote yenye herufi tatu.

Ushahidi wa faida ya kuongeza ultrasaundi juu ya stetoskopu upo, na umetoka barani mwetu. Mwaka 2007 Eloi Marijon na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa shule wa Kambodia na Msumbiji. Huko Msumbiji walichunguzwa watoto 2,170. Kwa kusikiliza na kukagua peke yake, waliogundulika kuwa na ugonjwa wa vali walikuwa 2.3 kwa kila 1,000. Ultrasaundi ilipoongezwa wakawa 30.4. Ni zaidi ya mara kumi. Kinshasa, miaka ya 1990, kundi la Benjamin Longo-Mbenza lilikuwa limeshapata takriban 14 kwa kila 1,000 miongoni mwa wanafunzi wa jiji hilo, na mitaa duni iliathirika kuliko mingine. Ikiwa Kinshasa ilikuwa hivyo, sioni sababu ya kudhani kwamba vilima vya Masisi viko salama zaidi.

Uganda ilikwenda mbali zaidi ya kuhesabu. Katika eneo la Gulu, kaskazini, Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao walipima kwa ultrasaundi watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17. Waliopatikana na ugonjwa ambao haujaanza kuonyesha dalili waliingizwa katika jaribio, 818 kwa jumla. Nusu wakapewa sindano ya penisilini kila wiki nne, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 0.8% ya waliochomwa sindano na 8.2% ya wasiochomwa. Matokeo hayo yalichapishwa Novemba 2021. Hapo ndipo swali la kupima watoto mapema lilipopata msingi: kuona kunaweza kubadilisha mwisho wa habari, mradi dawa ifuate.

Gulu ilitufundisha jambo jingine pia, ambalo wapenda mashine hawalisemi sana. Watoto wengi wenye afya wana mvujo mdogo wa damu kwenye vali, usio na maana yoyote. Ukimpa kipimio mtu aliyefundishwa nusunusu, ataugeuza mvujo huo kuwa ugonjwa, na mtoto wa miaka minane atakatazwa kucheza mpira bure. Ndiyo maana mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani wa 2023 ulitenganisha hatua: kipimio kidogo mkononi mwa asiye bingwa ni cha kuchuja, na jibu la mwisho linatolewa kwa mashine kamili na mtaalamu. Kuunganisha vipimo ni pamoja na kujua ni kipi kisichoruhusiwa kutoa hukumu.

Sasa niizungumzie ile miungano mikubwa, kwa sababu kuna watu wema wanaotaka kuileta Kivu, na kuna viongozi wanaopenda kukata utepe mbele yake.

CT ya mishipa ya moyo huonyesha umbo: mshipa umebanwa hapa, kwa kiasi hiki. Haielezi kama msuli ulio mbele ya banio hilo unapata damu ya kutosha. Skani ya nyuklia hueleza jinsi damu inavyoufikia msuli, lakini umbo lake limejaa ukungu. Ukizilaza pamoja, kila moja inaziba pengo la mwenzake. MRI inaongeza uwezo wa kuona kovu, uvimbe na hata madini ya chuma ndani ya msuli. Faida si ya kubuni. Huko Uskoti, utafiti wa SCOT-HEART uliwahusisha wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua. Walioongezewa CT juu ya uchunguzi wa kawaida, 2.3% yao walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo ndani ya miaka mitano, dhidi ya 3.9% ya wale ambao hawakuongezewa.

Lakini hayo ni majibu ya swali la Uskoti. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Presha ilisababisha takriban 45%, ugonjwa wa vali wa rumatiki 14%, na mishipa ya moyo iliyoziba chini ya 8%. Magonjwa mengi kati ya hayo huonekana kwa mashine ya presha, ECG na ultrasaundi. Natahadhari hapa, maana idadi ndogo ya mishipa iliyoziba inaweza kutokana na kutotafutwa: penye uhaba wa CT, mshipa ulioziba hauandikwi popote. Presha ikiendelea kupanda Goma na katika miji ya migodi, sehemu hiyo itakua. Ila kwa leo, fedha ya kununua mashine moja ya PET ingevipatia vituo vingi vya Masisi na Walikale kila vilichokikosa.

Na kuna fizikia ambayo haibembelezwi. Florini-18, isotopu ya mionzi inayotumika zaidi katika PET, hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110. Teknishiamu-99m, ya skani za kawaida za nyuklia, hupoteza nusu kila saa 6. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi, ilipozindua PET mwaka 2018, iliweka mtambo wa kutengenezea isotopu palepale, kwa sababu hiyo. Kongo yenyewe ilikuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959; hata kingekuwa kinafanya kazi usiku na mchana, isotopu zake zinazoisha haraka namna hiyo zisingefika Pinga zikiwa na nguvu. MRI nazo, nyingi zikiwa zimepozwa kwa heliamu iliyo kimiminika, zinataka umeme usiokatika na fundi anayefika haraka. Mashine ya namna hiyo ikizimika Walikale itabaki imezimika.

Hapa kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Rubaya, ndani ya Masisi, hutoa takriban 15% ya koltani ya dunia kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Tantalamu inayotoka humo hutengenezewa vidude vidogo vya kutunza chaji vilivyomo kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye betri za moyo na vishtuzi vinavyopandikizwa vifuani mwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Bisie, ndani ya Walikale, hutoa karibu 6% ya bati la dunia, na bati ndilo linalogandisha vipande vya umeme kwenye ubao wa kila mashine niliyoitaja katika makala haya. Ardhi hii imo ndani ya teknolojia ya moyo ya ulimwengu mzima. Wanaoichimba wana dai la haki, wala si ombi la sadaka, wanapotaka kipimio cha ultrasaundi kwenye hospitali yao.

Hata hivyo ultrasaundi ya mkononi ina mipaka, na anayeisifia bila kuitaja mipaka hiyo atawaumiza watu. Kifua kikuu cha mfuko wa moyo, maji yakishakauka, kinaweza kuacha gamba gumu linaloubana moyo. Mgonjwa anavimba tumbo kuliko miguu, na kwenye ultrasaundi ya haraka misuli inaonekana mizima kabisa, hivyo anarudishwa nyumbani na jibu la ini. Wakati mwingine eksirei ya ubavuni, picha ya zamani kuliko zote, huonyesha mstari mweupe wa chokaa kuuzunguka moyo na kumaliza fumbo. Pasipo chokaa hiyo, CT ndiyo itakayopima unene wa gamba kabla ya kuamua upasuaji. Kisha kuna ule ugonjwa wa kuota makovu ndani ya vyumba vya moyo, ambao Jack Davies aliueleza Kampala katika miaka ya 1940 na ambao hadi leo chanzo chake kinabishaniwa: minyoo, muhogo, umaskini, au vyote. Ncha ya moyo huonekana imezibwa, na aliyeona moyo wa kawaida tu hatajua anatazama nini. Hapo hesabu ya chembe za damu za aina ya eosinofili, kutoka maabara ndogo kabisa, inaongeza uzito kwenye picha.

Na kuna pale ambapo tiba yenyewe inadai picha ya pili. Yule msichana mwenye vali iliyoziba anaweza kufunguliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasuliwa kifua. Lakini vali ikiwa imekuwa ngumu mno au ina chokaa, puto linaweza kuipasua. Na kama kuna donge la damu lililojificha kwenye kona ya chumba cha juu, puto linaweza kulisukuma hadi kwenye ubongo. Kona hiyo haionekani vizuri kutoka nje ya kifua. Ni lazima kipimio kimezwe, kitazame kutoka kwenye umio. Hiyo ni kazi ya taasisi zenye madaktari bingwa: Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Kampala, Hospitali ya King Faisal ya Kigali, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa miaka mingi wagonjwa maskini wa vali kutoka nchi nyingi za Afrika walikuwa na mlango mwingine, Kituo cha Salam cha Khartoum kilichofunguliwa na shirika la Emergency mwaka 2007 na kupasua bila malipo, hadi vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vilipoivuruga kazi hiyo.

Vita vya kwetu navyo vimekata njia. Januari 2025 Masisi-Centre ilipiganiwa, na maelfu ya watu walikimbilia ndani ya hospitali. Mwezi uliofuata mfanyakazi mmoja wa MSF alipigwa risasi ndani ya makazi yao mjini humo akafariki. Mwisho wa Januari waasi wa M23 waliingia Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Machi waliingia Walikale-Centre, wakaondoka Aprili. Daktari anayemwandikia mgonjwa rufaa katika hali hiyo hupima pia nani ameishika barabara wiki hii.

Ndiyo maana sehemu ya muungano ambayo haina mvuto wowote, yaani kumbukumbu, ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Mgonjwa wa moyo Masisi anaweza kupigwa eksirei mahali pamoja, ECG mahali pengine, ultrasaundi kwa mradi uliopita na kuondoka; vijijini watu wakakimbia, na filamu ikabaki kwenye nyumba iliyochomwa. Vipimo vilikuwepo, lakini hapana aliyeviona pamoja. Dawa yake ni karatasi moja na simu moja. Kwenye karatasi: presha, uzito, mapigo, hemoglobini, kipande cha ECG kilichobandikwa, na sentensi tatu za alichokiona mwenye kipimio. Filamu ya eksirei inabandikwa dirishani mchana na kupigwa picha kwa simu, bila kivuli cha kidole. Video za ultrasaundi ni nne au tano, kila moja ya sekunde chache, kwa sababu mtandao wa vilimani haubebi zaidi. Zinatumwa usiku mawasiliano yakiwa mepesi. Bingwa aliye Goma, Kigali au Kinshasa anaviona vyote kwa wakati mmoja, na jibu lake linaandikwa kwenye karatasi ileile, inayobaki mkononi mwa mgonjwa.

Je, akili mnemba itaziba pengo la bingwa? Kwa sehemu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo wauguzi wanane wasiowahi kushika ultrasaundi walielekezwa na programu, wakapima watu 240, na katika karibu 99% picha zilitosha kuukadiria ukubwa na nguvu ya chumba kikuu cha moyo. Nigeria, mwaka 2024, majaribio kwa wanawake zaidi ya 1,100, wajawazito na waliotoka kujifungua, yalionyesha kwamba stetoskopu ya kidijitali inayosaidiwa na programu iligundua mioyo dhaifu takriban mara mbili ya uchunguzi wa kawaida. Nazikaribisha habari hizi kwa dhati, hasa kwa ajili ya akina mama. Lakini programu inayotambua moyo uliolegea haijui kama mbele yake kuna bwaki, selimundu au kifua kikuu. Anayejua ni muuguzi wa pale, aliyemwona mgonjwa akishushwa kutoka kwenye kipoyi.

Rwanda, jirani kabisa, imeshathibitisha kwamba muuguzi huyo anaweza. Katika hospitali za wilaya za Rwinkwavu na Kirehe, kwa msaada wa shirika la Partners In Health, wauguzi walifundishwa kuuliza maswali machache tu kwa ultrasaundi: je, moyo unasukuma vizuri au la, vali ya mitrali imeziba, kuna maji, upande wa kulia umepanuka? Kila jibu lilifungamana na dawa. Mtindo huo ndio uliozaa mkakati wa PEN-Plus, wa kutibu magonjwa mazito yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya, ambao mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, WHO, waliupitisha Lomé Agosti 2022. Kongo ni mwanachama wa kanda hiyo.

Kwa hiyo kama ningeulizwa pa kuanzia katika zile kanda nane za afya, ningesema: mashine ya presha inayofanya kazi katika kila kituo, kwanza kabisa. Kisha ECG na kipimio cha mkononi katika kila hospitali ya rufaa, pamoja na wauguzi wawili waliofundishwa kwa miezi, si kwa semina ya siku tatu, na wawe wawili ili mmoja akikimbia vita kazi isife. Eksirei ya kidijitali pale ambapo paneli za jua zinaweza kuibeba. Mashine kamili ya ultrasaundi na bingwa wa kudumu Goma. CT na MRI ya moyo zibaki katika miji ambako tayari zinatunzwa, na fedha ielekezwe kwenye safari ya mgonjwa kuzifikia, maana leo safari hiyo hulipiwa na familia, kwa kuuza ng'ombe au shamba. Penisilini ya sindano, furosemidi na dawa za presha ziwe ghalani kwa mwaka mzima kabla mtoto wa shule wa kwanza wa Nyabiondo au Mubi hajapakwa jeli kifuani. Anayegundulika leo atahitaji sindano yake baada ya wiki nne, na wiki nne nyingine baada ya hapo, hadi ukubwani.